Moyo ukienda mbio bila sababu kujulikana, je, ukubali kupasuliwa?

UPASUAJI unaoweza kungoja una faida moja ambayo ule wa dharura hauna, nayo ni muda. Mtu ambaye kidole tumbo chake kimepasuka, au mama mjamzito ambaye mtoto yumo hatarini tumboni, hana nafasi ya kungoja vipimo vingi. Hupelekwa chumba cha upasuaji mara moja, na matatizo mengine hushughulikiwa papo hapo. Lakini anayetaka kuondolewa fibroidi, henia, mawe ya kifuko cha nyongo, uvimbe wa shingo au mafuta ya tumbo huwa na majuma, pengine miezi kadhaa, ya kujitayarisha.

Makala haya ni ya mtu wa kundi hili la pili ambaye, mbali na ugonjwa unaompeleka kwa daktari wa upasuaji, ana jambo jingine linalomsumbua: moyo wake huenda mbio na hajapata kuelezwa sababu.

Huenda msomaji wewe ni mmoja wao. Umelala umetulia, lakini unauhisi moyo ukidunda kama wa mtu aliyepanda ngazi hadi orofa ya tano. Au umesimama kwenye foleni ya benki na ghafla kifua kinagonga na miguu inalegea. Ulipimwa siku moja, ukaambiwa huna kitu. Sasa tarehe ya upasuaji imewekwa, likizo imeidhinishwa kazini na jamaa wamekwisha kuchanga. Je, useme au unyamaze? Uendelee au uahirishe?

Wagonjwa walio katika hali hii huelekea kuangukia katika mojawapo ya mitego mitatu. Yupo anayeficha, akihofia kwamba akisema moyo wake unaenda mbio atafutiwa tarehe aliyoingojea miezi sita. Yupo anayeogopa kupita kiasi, akauacha upasuaji ambao ungemponya. Na yupo aliyeambiwa kwamba ni wasiwasi tu, akaamini, asitafute zaidi. Wote watatu wanaweza kudhurika, kila mmoja kwa njia yake.

La kufahamu kwanza ni kwamba moyo kwenda mbio si ugonjwa. Ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Kwa hivyo swali la kwanza silo kama moyo wako utastahimili kisu. Swali la kwanza ni kama sababu ya mbio hizo imetafutwa ipasavyo.

MOYO WA KAWAIDA

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha wanaweza kuwa chini ya 60 na wakawa wazima kabisa. Moyo unaopiga mara 72 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja. Mapigo yakipita 100 mtu akiwa ametulia, madaktari huhesabu kwamba moyo unaenda mbio.

Kwenda mbio kwenyewe si kosa la moyo. Moyo ni pampu, na pampu huongeza kasi mwili unapodai damu zaidi. Ukikimbilia matatu, ukikasirika, ukipungukiwa na maji mwilini au ukishikwa na homa, moyo hukimbia. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka kwa sababu ya homa huongeza takriban mapigo 10 kwa dakika. Haya yote ni ya kawaida, na sababu ikiondoka moyo hurudi mahali pake.

Lakini mbio hizo zina gharama. Moyo hupata sehemu kubwa ya lishe yake wakati unapopumzika kati ya pigo moja na jingine, kwa sababu unapojikaza huibana mishipa yake yenyewe ya damu. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika una sekunde nzima kwa kila pigo. Ukipiga mara 120, una nusu sekunde tu, na kinachopunguzwa zaidi ni ule muda wa mapumziko. Kwa hiyo moyo hufanya kazi maradufu huku ukila kidogo. Kijana mwenye moyo mzima huvumilia hali hii kwa saa nyingi. Mtu ambaye mishipa yake ya moyo imeziba kiasi, au mwenye vali zilizoharibika, anaweza kulemewa upesi.

NENO "HAIJULIKANI" LINA MAANA MBILI

Mgonjwa akiniambia kwamba sababu ya moyo wake kwenda mbio haijulikani, huwa namwuliza: haijulikani kwa sababu imetafutwa ikakosekana, au haijulikani kwa sababu haijatafutwa?

Tofauti hii ni kubwa. Watu wengi wanaojieleza kuwa na mbio za moyo zisizojulikana walipimwa shinikizo la damu pekee, au kipimo kimoja cha umeme wa moyo siku ambayo moyo ulikuwa umetulia. Huko si kutafuta. Mwizi anayekuja usiku hawezi kuonekana na askari anayelinda mchana.

Wengi wa watu hao, sababu yao ni ya kawaida, hupatikana kwa vipimo visivyo vya gharama kubwa na hutibika. Hawa ndio wasiopaswa kukubali upasuaji usio wa haraka kabla ya kuchunguzwa. Kundi la pili, yaani wale ambao uchunguzi umefanywa kikamilifu na hakuna baya lililopatikana, ni jambo jingine, nasi tutalirudia hapa chini.

SABABU ZA KUTAFUTWA KWANZA

Ya kwanza ni upungufu wa damu. Damu ikipungua, moyo hulazimika kuizungusha kwa kasi ili hewa ya oksijeni ifike kila mahali. Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 38 mwenye fibroidi ambaye hutokwa na damu nyingi kwa siku nane kila mwezi. Amezoea hali hiyo na haitaji hata akiulizwa. Anachokieleza ni kwamba moyo humwenda mbio akipanda ngazi na kwamba anachoka. Kiwango cha damu kwa mwanamke asiye mjamzito kinapaswa kuwa gramu 12 au zaidi. Chake ni 7. Kwa mwanamke huyu, upasuaji anaouogopa kwa sababu ya moyo ndio utakaoutuliza moyo. Lakini asipasuliwe akiwa na gramu 7 ikiwa anaweza kungoja. Damu itajengwa kwanza kwa madini ya chuma, ya vidonge au ya kutiwa mshipani, na hedhi ipunguzwe kwa dawa. Majuma machache ya subira yanaweza kumwepusha na kuongezwa damu ya mtu mwingine.

Ya pili ni tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Tezi hii ikifanya kazi kupita kiasi, mwili wote huenda kasi: moyo hudunda hata usingizini, mikono hutetemeka, mtu hutokwa na jasho, hukonda ilhali anakula vizuri, na hawezi kustahimili joto. Hatari yake chumbani mwa upasuaji ni kubwa. Mgonjwa ambaye tezi yake haijatulizwa anaweza kupatwa na dhoruba ya homoni: homa kali, moyo kukimbia bila kushikika, na hata kifo. Kipimo cha damu hutambua ugonjwa huu, na dawa kama kabimazoli huutuliza kwa muda wa majuma kadhaa. Kupasuliwa kabla ya hapo ni kujitia hatarini bure.

Ya tatu ni vitu tunavyotia mwilini wenyewe. Miraa na muguka vina kemikali ya kuchangamsha mwili ambayo huongeza mapigo na shinikizo la damu. Kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na sigara hufanya vivyo hivyo. Pombe huuvuruga mpigo wa moyo, na mlevi anayeiacha ghafla hukumbwa na mbio za moyo, mtetemeko na hata kifafa siku ya pili au ya tatu. Hebu fikiria mtu anayekunywa kila siku, asiseme, kisha akalazwa wodini kwa upasuaji. Siku ya pili atakapoanza kutetemeka na kuweweseka, wauguzi watadhani kidonda kimeingia usaha.

Dawa za dukani nazo zisisahauliwe. Salbutamoli ya ugonjwa wa pumu, baadhi ya dawa za kuzibua pua, vidonge vya kupunguza unene na thairoksini iliyozidi kipimo huweza kuupeleka moyo mbio. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za mitishamba, ambazo mara nyingi hazielezwi zina nini ndani.

Ya nne ni maradhi yanayojificha: kifua kikuu, malaria, usaha ulio mahali fulani mwilini, au damu iliyoganda na kuziba mshipa wa mapafu. Hii ya mwisho huja pamoja na kukosa pumzi, maumivu ya kifua au mguu mmoja kuvimba, na haingoji miadi ya kliniki. Kwa wanawake, mimba changa pia ipimwe. Wapo waliogundua kuwa ni waja wazito katika vipimo vya kabla ya upasuaji.

Ya tano ni moyo wenyewe. Watu wengine huzaliwa wakiwa na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Kwao, mbio huanza ghafla kana kwamba swichi imewashwa, hufika 150 hadi zaidi ya 200 kwa dakika, na huzimika ghafla vile vile. Wengine, mpigo hauna mpangilio kabisa: mara haraka, mara polepole, bila wizani. Huu wa kutokuwa na mpangilio unaweza kugandisha damu ndani ya moyo na kuleta kiharusi. Wengine vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki iliyoanza kama maumivu ya koo wakiwa watoto, na wengine misuli ya moyo imedhoofika, pengine baada ya kujifungua.

Ya sita ni hali ambapo moyo huruka mtu anaposimama. Akilala, mapigo ni 75. Akisimama, katika muda wa dakika 10 yanapanda kwa 30 au zaidi ilhali shinikizo la damu halishuki. Kichwa huwa chepesi na macho huingia giza. Huwapata zaidi wanawake vijana, na wengi wao huzungushwa kliniki nyingi kabla ya kuaminiwa.

Mwisho, na ni nadra sana, kuna uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo ambao humwaga adrenalini kwa vipindi. Mgonjwa huumwa kichwa, hutoka jasho jingi, moyo hukimbia na shinikizo hupanda. Nautaja kwa sababu moja: usipojulikana, dawa ya usingizi na mkono wa daktari tumboni vinaweza kuuchokoza hadi shinikizo likamuua mgonjwa. Mwenye dalili hizo nne kwa pamoja apimwe kabla ya upasuaji wowote.

Na wasiwasi je? Wasiwasi upo na kweli hukimbiza moyo. Lakini ni jina la kutolewa mwishoni, baada ya hayo mengine kupimwa, wala si mwanzoni ili kufunga faili.

ANZA NA DAFTARI

Kabla ya kutumia pesa nyingi, tumia daftari. Weka vidole viwili juu ya mshipa ulio kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, kisha baada ya kusimama kwa dakika 10, na kila moyo unapokwenda mbio. Andika tarehe, saa, idadi, ulichokuwa ukifanya, ulichokula au kunywa, na kama mbio zilianza taratibu au ghafla. Juma mbili za kumbukumbu hizo humsaidia daktari kuliko saa nzima ya kukisia.

Vipimo vya mwanzo ni vya kawaida: kiwango cha damu, homoni za thairoidi, chumvi za damu kama potasiamu, kazi ya figo, sukari, mimba kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na kipimo cha umeme wa moyo ambacho hospitalini huitwa ECG. Ikiwa mbio huja na kutoweka, utavalishwa kifaa kidogo cha kurekodi moyo kwa saa 24 au zaidi, kinachoitwa Holter kwa jina la Mmarekani aliyekibuni. Ikiwa daktari amesikia sauti isiyo ya kawaida, au unakosa pumzi, au miguu inavimba, utafanyiwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Si kila mtu anahitaji vipimo hivi vyote. Daktari huchagua kulingana na maelezo yako, ndiyo sababu maelezo kamili hupunguza gharama.

KINACHOTENDEKA CHUMBANI MWA UPASUAJI

Wengi hudhani kwamba hatari iko kwenye kisu. Kwa mtu mwenye mbio za moyo, mambo mengi huamuliwa na mtaalamu wa nusukaputi, yaani yule anayekulaza usingizi na kukulinda hadi uamke.

Baadhi ya dawa za usingizi hushusha shinikizo la damu, na moyo hujibu kwa kukimbia. Nyingine, kama ketamini, zenyewe huongeza mapigo. Mpira wa kupumulia unapoingizwa kooni, mwili hushtuka na moyo hupanda. Sindano ya ganzi ya uti wa mgongo hulegeza mishipa ya miguu na kushusha shinikizo. Hata ganzi ya jino au ya ngozi mara nyingi huchanganywa na adrenalini. Mtaalamu anayejua habari za moyo wako huchagua dawa, huandaa nyingine za akiba na kukuongezea maji mapema. Asiyejua hushtukizwa.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hawalijui. Ukivuja damu kwa ndani, mojawapo ya dalili za mwanzo ni moyo kwenda mbio. Sasa, ikiwa moyo wako kwa kawaida ni 115 na hukusema, madaktari wanaweza kukufungua tena bure wakitafuta damu isiyokuwepo. Au, kinyume chake, wakijua tu kwamba moyo wako hukimbia bila kujua ni kwa kiasi gani, wanaweza kupuuza damu inayovuja kweli. Ndiyo maana idadi iliyo katika daftari lako iandikwe kwenye faili.

Mnamo 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya kulazwa usingizi, kabla ya kukatwa na kabla ya kutoka chumbani. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali nane za mataifa mbalimbali, ikiwemo moja ya Ifakara nchini Tanzania, ulichapishwa 2009 na kuonyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ni watu kuambiana wanayoyajua. Usilolisema haliwezi kuingia katika orodha.

DAWA ZA KUTULIZA MOYO

Wengine hudhani suluhisho ni rahisi: tafuta propranololi au atenololi, umeze, moyo utulie, upasuliwe. Hapana. Kuzima king'ora si kuzima moto. Ikiwa moyo unakimbia kwa sababu huna damu ya kutosha, kuuzuia ni kuunyima mwili njia yake ya kujiokoa. Kwa mwenye pumu, dawa hizi zinaweza kubana kifua vibaya.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2008, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000, ulijaribu kuwapa watu dawa ya kundi hili kuanzia saa chache kabla ya upasuaji. Walioshikwa na shtuko la moyo walipungua, lakini waliopatwa na kiharusi na waliofariki wakaongezeka. Tangu hapo ushauri ni kwamba dawa hizi zisianzishwe siku ya upasuaji.

Lakini ikiwa tayari unazimeza kwa muda mrefu, usiziache ghafla kwa sababu tu umeambiwa usile. Kuziacha ghafla kunaweza kuufanya moyo ukimbie kuliko awali. Kwa kawaida humezwa asubuhi ile kwa funda la maji, lakini uliza. Uliza pia mapema kuhusu dawa za kuzuia damu kugandamana, kwani hizi huweza kuhitaji kusimamishwa siku kadhaa kabla, kwa mpango maalum.

IKIWA SABABU HAIKUPATIKANA

Sasa turudi kwa wale waliochunguzwa ipasavyo. Damu yako ni ya kutosha, thairoidi ni sawa, picha ya moyo ni nzuri, na kifaa cha saa 24 kimeonyesha kwamba mpigo ni wa kawaida ila una kasi. Unaweza kupanda orofa mbili bila kusimama. Je, upasuaji umepigwa marufuku? Hasha. Wengi wa watu hawa hupasuliwa salama. Kujua kwamba moyo ni mzima ingawa una haraka ni jibu lenye manufaa, hata kama halina jina.

Hakuna idadi moja ya mapigo ambayo chini yake kila mtu hupasuliwa na juu yake kila mtu hurudishwa nyumbani. Kinachopimwa ni mizani: upande mmoja hatari ya moyo, upande wa pili hasara ya kutopasuliwa. Henia isiyouma inaweza kungoja miezi. Mawe ya nyongo yanayokurudisha hospitalini kila mwezi hayawezi kungoja sana. Saratani haipaswi kungoja ila kwa siku za kutayarishwa tu. Na upasuaji wa kupunguza tumbo au kubadilisha umbo, ambao hauondoi ugonjwa wowote, ndio unaopaswa kungoja kuliko wote hadi moyo ueleweke. Hapo, daktari anayekuharakisha kwa sababu ya bei ya punguzo hakutakii mema.

Uliza pia kama kuna njia nyepesi zaidi. Huenda henia ikashonwa kwa ganzi ya mahali pamoja. Huenda fibroidi zikatulizwa kwa dawa. Mwenye njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo huenda akatibiwa moyo kwanza, kwa waya unaopitishwa mshipani na kuunguza njia hiyo, kisha upasuaji ule mwingine ukafuata.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa hapa Kenya haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa. Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, uliza haya:

1. Kwa maoni yako, moyo wangu unakimbia kwa nini, na ni sababu gani zimekwisha kuondolewa?

2. Nisipopasuliwa kwa miezi mitatu, nitadhurika vipi?

3. Je, nitaonana na mtaalamu wa nusukaputi kabla ya siku yenyewe, wala si mlangoni mwa chumba cha upasuaji?

4. Ni dawa zipi niendelee nazo na zipi niache, na tangu lini?

5. Moyo ukikimbia usiku baada ya upasuaji, ni nani atakayeitwa, na hospitali hii ina kitanda cha uangalizi maalum?

Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Ukiona hujaridhika, tafuta maoni ya daktari wa pili. Pesa za ushauri huo ni kidogo zikilinganishwa na bili ya matatizo.

SIKU YENYEWE NA BAADA YAKE

Usifunge kupita kiasi. Kwa kawaida mtu mzima huacha chakula saa sita kabla ya kulazwa usingizi, lakini anaweza kunywa maji hadi saa mbili kabla, ila akiwa ameagizwa vingine. Anayeacha maji tangu jioni kisha akangoja hadi alasiri hufika akiwa amekauka, na moyo uliokuwa na haraka huzidi. Hili ni muhimu zaidi kwa wale ambao moyo huruka wakisimama. Miraa, sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe mapema, na anayekunywa pombe kila siku aseme ukweli ili aachishwe kwa utaratibu.

Usidhani kwamba ukiamka salama mambo yamekwisha. Utafiti uliofanywa katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 10 waliofariki kutokana na upasuaji, zaidi ya tisa walifariki baada ya siku ya upasuaji, wala si siku yenyewe. Hatari kubwa, basi, iko wodini, pale mapigo yasipopimwa au yakapimwa bila mtu kuyatilia maanani. Yafaa jamaa mmoja anayeijua idadi yako ya kawaida awepo, naye amwite muuguzi akiona umebadilika.

Mwisho, zipo dalili ambazo hazingoji upasuaji wala daftari. Moyo ukienda mbio ukazimia, ukaumwa kifua, ukakosa pumzi, mdomo ukapinda au upande mmoja wa mwili ukakosa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vile vile ikiwa mapigo yamepita 150 ukiwa umetulia na hayashuki.

Kwa wengine wote, muda upo. Tarehe ya upasuaji inaweza kubadilishwa kwa simu moja, na mchango wa jamaa hauozi ukikaa benki mwezi mmoja zaidi. Chukua daftari, uanze kuhesabu kesho asubuhi kabla ya kuondoka kitandani.